Malalamiko Rasmi Dhidi ya Uzi wa Chini

Masijala, Ghorofa ya Chini
(meza ya karibu na mlango, ile inayopigwa na upepo)

Kwa Mkuu wa Utawala,
Ghorofa ya Juu.

YAH: UTOVU WA NIDHAMU WA UZI WA CHINI WA CHEREHANI YA SHANGAZI YANGU, NA HATARI YAKE KWA PAZIA LA UZINDUZI

Ndugu Mkuu,

Nimeandika "Ndugu" kwa sababu ndivyo mwongozo wa barua za ofisi unavyoelekeza, wala sidai undugu wowote. Kama neno hilo limekukera, naomba ulisome kama "Mheshimiwa", nami nitarekebisha nakala itakayobaki jaladani.

Naomba radhi pia kwa kukuandikia. Najua karani aliye katika muda wa majaribio hapaswi kuwa na malalamiko. Hayo niliambiwa siku ya kwanza na mwenzangu aliyenitangulia kwenye meza hii, alipokuwa akikusanya vitu vyake. Lakini jambo hili linahusu pazia, na pazia linakuhusu wewe, kwa hiyo nimeona kunyamaza nako kungekuwa utovu wa adabu.

Utakumbuka kikao cha watumishi wote, ulipotangaza kwamba mgeni rasmi atakuja kuzindua ukumbi wetu mpya kwa kuvuta pazia dogo litakalofunika kibao cha ukutani. Uliuliza ni nani ana cherehani nyumbani, akashone pazia hilo, kwa kuwa mafundi wa mjini, ulisema, wana maneno mengi. Watu wote waliangalia viatu vyao. Mkono wangu ukapanda. Ndugu Mkuu, mkono ule ulikuwa unaomba ruhusa ya kwenda msalani. Nilikuwa nimejibana tangu mwanzo wa taarifa ya mhasibu, na taarifa ya mhasibu unaijua. Ukasema, "Haya, tumpigie makofi kijana wetu wa masijala!" Makofi yakapigwa, na mimi sijawahi kusoma popote namna ya kurudisha makofi yaliyokwisha kupigwa. Tulipokuwa tukitoka uliniwekea mkono begani, ukaninong'oneza, "Pazia likiniaibisha mbele ya mgeni, kijana, utafute pa kujificha." Tangu hapo nimekuwa nikipaangalia mahali pa kujificha katika kila chumba ninachoingia.

Cherehani ipo kweli. Ni ya Shangazi, ambaye ndiye ninayekaa kwake. Ni nyeusi, ya kukanyaga kwa miguu, na imeshona sare za watoto wa mtaa mzima. Shangazi amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mwanawe sasa ni mtu wa ofisi, na anasema kwa sauti inayovuka ukuta. Nikiachishwa kazi, itabidi mtaa mzima uandikiwe waraka.

Nilihamishia cherehani chumbani kwangu, nikafunga mlango. Shangazi aligonga mara kadhaa kutaka kujua ninashona nini na ninajua nini kuhusu kushona. Nilimjibu kupitia tundu la ufunguo kwamba pazia la uzinduzi ni siri ya ofisi mpaka litakapovutwa, kwa kuwa kitu kilichokwisha kuonwa hakizinduliki. Akasema, "Haya, Bwana Siri, ukijishona vidole utaniita." Sikumwita. Naomba jambo hilo lihesabiwe upande wangu wa mema.

Sasa naomba kuorodhesha malalamiko.

1. Uzi wa chini unafanya fujo.

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Mmoja hukaa juu kwenye rili, mahali panapoonekana, ukishuka kwa hadhi hadi kwenye sindano. Mwingine hukaa chini gizani, umezungushwa kwenye kigurudumu kidogo wanachokiita bobini. Kazi yao ni kukutana katikati ya kitambaa na kushikana. Nilishona ukingo mmoja wa pazia lako. Upande wa juu ulipendeza kiasi. Nilipougeuza, nikakuta chini yake kiota. Sitii chumvi. Ndege akikiona atataga. Nyuzi zilikuwa zimejiviringa, zimejifunga, zimelaliana, na kitambaa kimekwama kwenye meno ya cherehani kama mfupa kwenye koo.

Fujo imeonekana chini, kwa hiyo mkosaji yuko chini. Hii si kanuni yangu, ni kanuni ya ofisi yetu. Utakumbuka sinki la ghorofa ya juu lilipoachwa wazi na maji yakashuka juu ya majalada yetu. Masijala ndiyo iliyotakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini majalada yamelowa. Nilieleza, na nikaomba radhi kwa niaba ya majalada. Kwa hiyo ninaposema uzi wa chini una kesi ya kujibu, nasema kwa uzoefu.

2. Uzi wa juu hauna lawama, kwa sababu utaratibu wote ulifuatwa.

Nisije nikaulizwa kama niliutendea uzi wa juu inavyostahili, naomba kueleza. Cherehani ina mguu mdogo wa chuma wenye vidole viwili, unaokandamiza kitambaa kisikimbie. Mguu huo waweza kuinuliwa au kushushwa. Ofisini kwetu hakuna jalada linalopita mbele ya mtu aliyesimama. Kwanza watu hukaa, kila mtu akatulia kitini, ndipo karani anapopitisha makaratasi. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha siku niliyokupitishia fomu ukiwa bado unavua koti. Kwa hiyo kila ninapotaka kupitisha uzi, kwanza naushusha ule mguu. Naukalisha. Nahakikisha umetulia kabisa. Ndipo naupitisha uzi wa juu kwa adabu, kutoka kwenye rili, kando ya vile visahani viwili vya chuma vinavyobana uzi, hadi kwenye tundu la sindano.

Na uzi huo hupita bila tatizo lolote! Hauguswi na kitu, haubanwi na mtu, huteleza kama barua iliyokwisha kupigwa muhuri. Ukiuvuta unakuja wote. Sijawahi kuona uzi ulio huru kiasi hicho. Uzi wenye tabia kama hiyo sioni namna ya kuushuku, na hata ningeona namna, uko juu.

3. Uzi wa chini haukubali kuonywa.

Kabla ya kukusumbua nilichukua hatua zilizo ndani ya uwezo wangu. Nilibadilisha sindano, nikidhani ni butu. Nilisafisha vumbi la nyuzi kwenye shimo la bobini kwa mswaki wangu wa zamani, ambao kwa bahati mbaya ulikuwa wangu wa sasa. Nilitia mafuta, na mafuta yakadondokea pazia, yakaacha doa ambalo ukilitazama kwa jicho moja linafanana na wewe ukiwa umekasirika. Nilipolitazama kwa macho yote mawili lilifanana zaidi.

Yaliposhindikana hayo nikageukia nidhamu. Nilitoa bobini, nikaiweka mezani, nikaisomea onyo nikiwa nimesimama. Nilitumia maneno yaleyale ya barua ya onyo niliyopewa mimi kwa kosa la kupiga chafya wakati wa hotuba yako, ila mahali palipoandikwa "chafya" niliandika "kiota". Shangazi alisikia kutoka jikoni akapaza sauti, "Unasema na nani humo?" Nikamjibu kwamba nasema na mtumishi mwenzangu. Kisha nikasikia sufuria ikiwekwa chini taratibu, kama mtu anayekwenda kuomba dua.

Nilirudisha bobini mahali pake. Kiota kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Huo, Ndugu Mkuu, ni ujeuri wa makusudi.

4. Fujo hiyo imevuka mipaka ya pazia.

Asubuhi moja nilikuwa nimevaa kabisa kuja kazini, nikaona nishone kidogo kabla sijatoka. Niliinama kuangalia kiota, na ncha ya tai yangu ikaingia chini ya sindano, ikashonwa pamoja na upindo wa shati langu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba nyuzi zile, ambazo zimekataa kushika pazia, zilishika tai. Nilipoteza muda nikitafuta mkasi, na kuchelewa ni kosa kubwa kuliko kuinama, kwa hiyo nilikuja kazini vilevile.

Ndiyo ile siku uliyonikuta kwenye ngazi, kidevu changu kikiwa karibu na kifungo cha suruali. Ulisimama ukasema mbele ya watu, "Huu ndio unyenyekevu ninaoutaka hapa ofisini! Wengine igeni." Sikuweza kukusahihisha, kwa sababu kukusahihisha kungenilazimu kuinua kichwa. Tangu siku hiyo mhasibu anainama. Katibu muhtasi anainama. Mlinzi anainama kiasi kwamba haoni anayepita. Dereva naye anainama, na namwomba kupitia kwako asiiname akiwa kwenye usukani. Nasikia kuna waraka unaandaliwa juu ya kiwango cha kuinama. Naomba ieleweke kwamba chanzo cha utamaduni huu mpya ni fujo ya uzi wa chini, ili uzi huo usije ukadai sifa.

5. Pazia limepungua.

Kila kiota ninachokikata kwa wembe kinaondoka na kipande cha kitambaa. Pazia ulilonikabidhi lilikuwa linafunika kibao chote na pembe zake. Sasa limejikunja kama uso wa mtu aliyeonja shubiri, na kwa vipimo vyangu litafunika neno moja tu la juu. Mgeni rasmi atakapofika atakuwa amekwisha kusoma yaliyobaki, jina lako likiwemo, na atakapovuta kamba atazindua neno "UKUMBI" peke yake. Nilifikiria kupendekeza kibao kipunguzwe kilingane na pazia. Nikakumbuka kwamba herufi za jina lako ndizo zilizochukua nafasi kubwa, nikaliacha wazo hilo lilipo.

6. Nimejaribu kufanya kazi bila uzi wa chini, nao umeharibu hata usipokuwepo.

Nilijiuliza: kama huyu wa chini ndiye mwenye fujo, kwa nini tusimwondoe kabisa? Nikatoa bobini, nikaifungia kwenye bahasha, nikaandika juu yake "Amesimamishwa kazi hadi uchunguzi utakapokamilika." Nikashona ukingo mzima kwa uzi wa juu peke yake. Sindano ilipanda ikashuka. Ilikuwa kazi safi, tulivu, haina kiota hata kimoja. Nilisimama nikalitazama pazia kwa fahari. Kisha nikapumua. Ukingo wote ukaachia, uzi ukashuka sakafuni kimyakimya, na vitambaa vikaachana kama watu wasiojuana.

Sina shaka kwamba hujuma hiyo iliandaliwa kutoka ndani ya bahasha.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, iundwe kamati ya kuuhoji uzi wa chini. Niko tayari kuandika muhtasari wa kikao, na niko tayari pia kuwa mtuhumiwa wa pili kama kamati itahitaji mtu wa kumtazama wakati wa kuuliza maswali.

Pili, ufungwe mjadala wowote kuhusu uzi wa juu.

Tatu, na hili nalisema kwa woga mkubwa. Nimekuwa nikilitafakari jambo la chini kwa mapana yake. Fujo ya cherehani iko chini. Majalada yaliyolowa yalikuwa chini. Mlango unaopiga kelele wewe ukiwa katika mazungumzo ya simu uko chini. Watu wanaokuja kulalamika huanzia chini. Nimepitia kumbukumbu zote za masijala na sikuona tatizo hata moja lililowahi kuandikwa kwamba limetokea ghorofa ya juu. Hivyo basi, napendekeza ofisi iondoe ghorofa ya chini. Jengo lisilo na chini haliwezi kuwa na fujo ya chini. Ghorofa ya juu ibaki pale ilipo, safi, kama ukingo wangu wa pazia kabla sijapumua. Mimi na meza yangu tutasubiri nje, karibu na mlinzi, tukiwa tumeinama.

Nne, kama hayo yatachelewa kutekelezwa, naomba uzinduzi usogezwe mbele, au mgeni rasmi aombwe kufumba macho, au nipewe ruhusa ya kwenda msalani ile niliyoiomba tangu mwanzo. Hiyo ya mwisho bado ninaihitaji.

Natumaini hutaniachisha kazi. Kama utaniachisha, naomba uniandikie kwa mwandiko mzuri, maana Shangazi ataifunga barua hiyo kwenye fremu akidhani ni ya kupandishwa cheo, nami sitakuwa na moyo wa kumweleza.

Nisalimie katibu muhtasi, na mhasibu, na familia yako yote kwa ukubwa wao. Msalimie mgeni rasmi ukiona inafaa. Yule wa meza hii aliyenitangulia, ukikutana naye mjini, mwambie kiti bado kinayumba.

Ni mimi, ninayetii hata kabla hujaagiza,

Karani Mdogo, Masijala
(muda wa majaribio)

N.B. Ndugu Mkuu, naomba usamehe mwandiko huu uliopinda. Nimepiga magoti, na karatasi imeegemea ukuta, kwa sababu ambazo zitajitokeza hapa chini.

Nilikwisha kutia sahihi, nikaiacha barua mezani wino ukauke. Nilikuwa nimefungua mlango kidogo kutoa takataka za nyuzi, Shangazi akaingia. Alikuwa amekuja kuchukua shuka lake, ambalo lilikuwa limeshonwa kwenye pazia. Sikulitaja shuka katika malalamiko kwa sababu nilidhani hajaligundua. Ili alitoe chini ya sindano akauinua ule mguu wa chuma, akaushika uzi wa juu, akauvuta kidogo. Nikasikia sauti ndogo, tik. Uzi ukazama katikati ya vile visahani viwili, mahali ambapo haujawahi kufika tangu nianze kazi hii.

Shangazi akanitazama. "Baba, huu uzi ulikuwa unaupitisha mguu ukiwa chini?"

Nikamweleza kuhusu adabu, na watu kukaa kwanza. Akashika kichwa cha cherehani ili asianguke kwa kucheka. Akasema mguu ukiwa chini visahani vimefunga, uzi hauingii, unapita nje kwa nje. "Unafunga mlango, halafu unamwita mgeni apite ndani?" Uzi wa juu ulikuwa haujabanwa na chochote, ndiyo maana ulikuwa unashuka ovyo na kujazana chini. Viota vyote vile vilikuwa uzi wa juu. Nilikiangalia kimoja vizuri. Ni kweli. Rangi ni ya juu. Uzi wa chini ulikuwa umelala pale kitambaani umenyooka, peke yake, kimya. Aliye juu mngoje chini, na wenyewe ulikuwa unangoja kweli, huku ukisomewa maonyo.

Shangazi akasema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Kisha akaanza methali nyingine, ya samaki na mahali anapoanzia kuoza. Nikamwomba sana asiimalize, maana dirisha lilikuwa wazi. Naomba ieleweke kwamba tulikuwa tunazungumzia cherehani tu. Sinki halikutajwa na mtu yeyote. Nimelitaja mimi sasa hivi, na najuta.

Nimeitoa bobini kwenye bahasha na nimeiomba radhi, nikiwa nimesimama.

Shangazi akatoa kipande cha kitambaa chake kizuri, tukaongeza palipopungua, akaniketisha, akasimama nyuma yangu akisema, "Inua mguu. Pitisha. Shusha. Haya kanyaga." Nilishona pazia zima bila kusimama. Sijawahi kusikia sauti nzuri kama ile. Nyuzi mbili zimekutana katikati, zimeshikana, ukipapasa huwezi kujua upi wa juu na upi wa chini. Niliufikia mwisho nikainua kazi yangu juu ili niitazame kwenye mwanga, na kurasa za barua hii zikapanda pamoja nayo. Zilikuwa mezani, zimepinduka chini ya kitambaa. Zimeshonwa kwenye pindo, kutoka pembe hadi pembe.

Nimejaribu kuzifumua. Hazitoki. Nimevuta, nimesali, nimetumia wembe, na Shangazi ameniondolea wembe mkononi akisema kwamba mshono wa kwanza mzuri wa mwanawe haufumuliwi na mtu yeyote akiwa hai. Ameshalikunja pazia, ila pembe yenye ukurasa huu ameniachia niiegemeze ukutani nimalizie, na dereva yuko mlangoni, ameinama, amekuja kulichukua likatundikwe.

Upande wenye maandishi ndio unaotazama wageni. Malalamiko namba saba yako usawa wa macho.

Kwa hiyo nafuta maombi yangu yote, likiwemo lile la ghorofa, na ninabaki na moja tu. Mgeni rasmi akishika kamba, tafadhali avute haraka.

Lakini kama atachelewa, na watu wakasogea kusoma, nakuomba uwaonyeshe mshono. Umenyooka.